Betri za Mwalimu Anicet

Bujumbura, Ngagara
Jumapili, baada ya misa

Kaka yangu Sadiki,

Kabla sijakuuliza hali nakuomba jambo moja. Mzee aliyekuletea barua hii mpe kiti na maji ya kunywa, lakini usimpe mkono bado. Mwambie barua ya mdogo wako ni ndefu, asubiri. Nawe soma polepole mpaka mwisho.

Sasa salamu. Mama anaendeleaje na miguu yake? Rehema ameota meno ya mbele? Na shingo yako imetulia, au bado inakuvuta ukikaa kwenye cherehani? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Nimekonda, na najua ukiniona utasema, basi nimekuwahi. Asubuhi nikienda kazini naiona milima ya kwetu Uvira ng'ambo ya ziwa, karibu kabisa, lakini tangu barabara ya Gatumba ianze kuua watu sijathubutu kuja. Wiki hii magari yanasindikizwa na askari, ndiyo maana nimepata wa kumtuma.

Kazi yangu unaijua nusu. Hospitali walinipa chumba, nikaziba kuta kwa magodoro, na humo napima masikio ya watu ambao mabomu yamewalipukia karibu. Mtu anakaa ndani, namvalisha kaske ya masikioni, mimi nabaki nje ya kioo na mashine. Kila akisikia mlio, hata mdogo, anainua mkono. Huko milimani wakianza kurushiana risasi tunaacha, tunapiga soga mpaka watulie, kisha tunaendelea.

Nusu usiyoijua ni hii. Ninaletewa pia watoto ambao wazazi wanasema hawasikii, kwa sababu wakikatazwa hawaachi. Huyu anapepesa macho, yule anakoroma kooni, mwingine anarusha bega. Nawapima, nakuta masikio mazima. Kinachowasumbua sisi madaktari tunakiita tiki. Ubongo unatuma amri ambayo mtoto hakuiomba. Anaweza kuizuia kidogo, kama mtu anavyozuia chafya, halafu inatoka tu. Si pepo wala utundu, na si dharau. Utafiti wangu ninaufanya juu ya watoto hao, na wenzangu hapa wanashangaa daktari wa masikio anahangaika nini na wapepesa macho. Siwaambii, lakini wewe unajua.

Unajua kwa sababu siku ile nilikuwa dawati la mbele, katika ile shule yetu ya madarasa mawili ndani ya chumba kimoja. Ulikuwa umesimama ubaoni. Macho yakapepesa, ikatoka ile hm-hm yako, watoto wakacheka, na Mwalimu Anicet akasema unamdhihaki. Akakupiga kofi la sikio la kushoto mpaka damu ikachuruzika kwenye kola. Mama alikwenda kumweleza kwamba uko hivyo tangu mdogo, yeye akamfukuza kama mbuzi aliyeingia darasani. Hukurudi tena shuleni, na sikio lile halikupona, halisikii mpaka leo. Watu wakiniuliza kwa nini nilisomea masikio nawaambia ni wito. Mwongo mimi. Ilikuwa hasira, na bado ninayo.

Basi juzi mlango wangu ukafunguliwa, akaingia yeye. Tangu akimbie vita anakaa huku Bujumbura, Buterere, kwa binti yake. Sasa walimu wengi wametawanyika, na kamati ya shule imemwita arudi Uvira kuongoza shule ile ile. Lakini wamesikia kwamba hasikii vizuri, wakamtaka apimwe kwanza. Hakunijua. Mimi nilimjua kwa mikono yake.

"Dogteri, mi nasikia muzuri kabisa," akaniambia. "Ni bantu banasema tu. Andika nasikia, niende."

"Ingia kwanza tupime, Mzee."

Akaingia, akavaa kaske. Nilikuwa sijabonyeza kitu, akainua mkono. Nikajikuna kichwa, akainua tena, na tabasamu juu. Nilicheka mpaka nikajificha chini ya meza. Huyo ndiye aliyesikia matusi kwenye koo la mtoto, Kaka, na sasa anasikia milio ambayo haipo!

Mashine ina kipaza sauti cha kusemea na mgonjwa. Nikashusha sauti mpaka chini kabisa, nikamwambia yote. Nilimtukana kwa maneno ambayo Mama hajui kama nayajua. Nilimwambia habari za kola yako, na Mama akirudi njiani analia. Yeye anainua mkono tu, anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo. Hapo kicheko kikaniisha. Miaka yote nimebeba maneno hayo, na siku ya kuyatua aliyepaswa kuyapokea hasikii. Nikapandisha sauti mpaka juu.

"Unamkumbuka Sadiki?"

Akashtuka. "Sadiki gani? Mi nilifundisha batoto bengi."

"Yule aliyekuwa anapepesa macho."

"Aa, ule! Ule alikuwa ananitukana. Nilimupiga kofi moja tu, akanyamaza."

"Alikuwa mgonjwa."

"Sasa mbona hakuna mutu aliniambia?"

Mama alimwambia, Kaka. Alimwambia wakati masikio yake yalikuwa mazima.

Nikaandika ukweli, kwamba hasikii. Alipoona, alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Dogteri, nisaidie. Juzi ku bariyeri ya barabarani soda mwenye bunduki alisema simama, mi nikaendelea kutembea. Kidogo anipige risasi. Na bila shule mi ni mutu gani?"

Sitakudanganya, nilifurahi. Nilimwacha aombe mpaka nikaridhika. Kisha nikamwekea kifaa cha kusikia, kwa sababu kiapo changu kinaniamuru kumtibu, na nimemtibu vizuri. Sasa anasikia hata kuku wa jirani. Ananiita binti yangu. Nilipomwomba anibebee barua kwa Baba Rehema, fundi cherehani wa mtaa wa Mulongwe, alikubali kwa furaha, maana hajui Baba Rehema ni nani.

Kifaa kile kinakula betri ndogo kama vifungo vya shati. Zilizomo sikioni mwake hazitafika mwisho wa mwezi. Uvira hazipatikani, na hapa zinapatikana kwangu tu. Nimemwambia nyingine atazipata kwa Baba Rehema. Zimo humu ndani ya bahasha, nimezifunga kwenye kitambaa. Kiapo changu hakisemi nani azitunze.

Akiwa nazo, ataongoza shule. Asipokuwa nazo, kamati itamrudisha Buterere. Na katika darasa lile hakosekani mtoto anayepepesa macho. Ningeweza kuamua mwenyewe, hamu nilikuwa nayo, lakini kofi lile ulipigwa wewe, si mimi.

Nisalimie Mama, umwambie dawa ya miguu inakuja. Nisalimie wifi yangu Neema, mkeo mvumilivu, na baba mdogo Yohana anayelinda soko, na shangazi Maria aliyekulea ulipoacha shule. Rehema mbusu kwenye mashavu yote mawili.

Sasa inuka, Kaka, usimame mbele ya mzee huyo na usizuie kitu. Macho yapepese. Hm-hm itoke kama inavyotaka, safari hii ataisikia. Mwambie jina lako. Halafu mwache aombe betri. Ukitaka kumpa, mpe, sitakulaumu.

Lakini mimi ningekuwa wewe, akianza kuomba ningemgeuzia sikio la kushoto.

Mdogo wako anayekupenda,
Feza