Isale la Deo na Karatasi ya Dhamana

Baba mpendwa, shikamoo.

Ninakuandikia nikiwa nimekaa pale ulipokuwa mstari wako wa tatu wa kahawa, upande wa chini wa kihamba chetu, shamba hili la ukoo. Siku hizi panaitwa kituo cha tatu. Jana vijana wa kijiji walicheza besiboli hapa kwa mara ya kwanza, na sauti imenikauka kwa kushangilia mchezo ambao nusu ya sheria zake sizijui.

Unakumbuka walivyokuwa wakicheza barabarani na gongo la mti wa mkahawa, wakitawanyika kila gari likipita? Wewe ndiye uliyesema utawapa shamba wajengewe uwanja. Mama akakuuliza kama una homa. Ulicheka, ukaweka sharti moja tu: mkandarasi alete kwanza dhamana ya utekelezaji, ile karatasi ambayo kampuni ya bima inaahidi kwamba yeye akiacha kazi njiani, wao watahakikisha inakamilika. "Nikishang'oa kahawa, siwezi kuirudisha," ulisema.

Kazi akapewa Deo, mtoto wa shangazi. Siku ya mkutano wa uwanja, baada ya misa, hakuja na karatasi. Alikuja na jani la isale lililokatwa kwenye ua wa mpakani, akaliweka mezani mbele yako. Wazee wakapiga makofi, maana nani huku mlimani anakataa ombi linalokuja na isale? Mimi katibu wa mkutano nikaandika harakaharaka kwamba dhamana imepokelewa. Wewe ukalichukua lile jani, ukalitia kwenye mfuko wa shati, ukasema kwa upole, "Nimelipokea, mwanangu. Sasa lete na karatasi."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nyumbani nikakuambia umemwaibisha Deo mbele ya parokia nzima, kana kwamba ni mtu wa kuja. Uliendelea kumenya ndizi zako, ukanijibu, "Isale ni la kuombea msamaha. Deo bado hajakosa." Nikanuna wiki nzima, na unajua ninavyojua kununa.

Deo naye alinuna, lakini alishuka Moshi mjini, watu wa bima wakamkagua mitambo yake na kazi zake za nyuma, akarudi na karatasi yenye mhuri. Siku mikahawa ilipong'olewa ulijifungia ndani na redio ukaifungulia sauti mpaka mwisho. Masika yaliyofuata ukatutoka, uwanja ukiwa bado ni udongo mtupu.

Baba, ulikuwa sahihi, na iliniuma kuligundua hilo wakati haupo. Deo alipata kazi nyingine Himo, akahamishia mtambo huko, hakurudi tena kazini. Mvua zikaanza kuubeba udongo wako kuupeleka kwa majirani. Nikafungua sanduku lako, nikaitoa ile karatasi. Nikashuka nayo mjini. Mama wa bima aliyekuja kukagua alipanda na viatu vya mchuchumio, akashuka amevaa gambuti zako za shambani. Uniwie radhi, sijazidai. Wakaleta mkandarasi mwingine, akajenga ukuta wa kuzuia udongo, mifereji, na wavu nyuma ya mpigaji, hadi kazi ikaisha.

Jana shangazi alikaa karibu na uzio na ndizi zake za kuuza, kila dakika akiuliza huyu mtoto anakimbia nini na hakuna anayemfukuza. Mpira ukapaa, ukamwangukia kwenye kanga. Akakataa kuurudisha mpaka aelezwe mchezo wote tangu mwanzo. Tulicheka hadi mwamuzi akakaa chini.

Ndipo nikamwona Deo getini, amesimama nje, jani la isale mkononi. Watu wote wakageuka kumtazama. Akasema, "Dada, nimekuja kuomba." Nikalipokea, nikamshika mkono, nikamwingiza ndani, mama yake akampa ndizi bila kumtazama usoni, kisha akamwongeza nyingine. Safari hii hakuna aliyemdai karatasi.

Sasa nakuacha upumzike, na utuvumilie kelele za kila Jumamosi. Ila kabla sijainuka: jana jioni nilikata jani jingine pale kwenye masale ya mpaka wetu, nikaliweka kaburini kwako, huko juu unakouona uwanja wote. Mimi nimeshakosa, baba. Lipokee.

Mwanao wa mwisho,
yule katibu aliyenuna