Nilitoboa Siri ya Mwanafunzi kwa Rafiki Yangu wa Ujana

Dada Aikande, nakusalimu kwa heshima, naomba unisaidie maana sina wa kumwambia, na kazi yangu mimi ni kuambiwa. Niko chuo kimoja hapa Moshi, kwenye ofisi ya kusikiliza watu kwa siri. Mwanafunzi akionewa anakuja kwangu, siandiki jina lake, sihukumu mtu, namweleza njia zilizopo naye anachagua mwenyewe.

Chuo hiki ndicho nilichosoma, na nilisoma na Thadeus, ambaye sasa ni mwalimu hapa. Dada, siku zile tulikuwa tunashuka wote kwa miguu hadi Kiboriloni kununua ndizi, tunapika kiburu cha ndizi na maharage kwenye sufuria moja, asubuhi za Julai tunaota jua nyuma ya maktaba mlima ukiwa mweupe kabisa, na baba yangu alipofariki gari likakwama kwenye tope njia ya Kibosho, ni Thadeus aliyebeba begi langu kichwani mpaka nyumbani, mvua inanyesha, wala hakusema amechoka. Mtu kama huyo unamsahauje?

Mwezi wa tatu akaja binti anaitwa Ndelilio, analia. Alikuwa amefanya utafiti wa magonjwa ya kahawa kwenye kihamba, shamba la nyumbani kwa bibi yake, mwaka mzima anahesabu miti, halafu akamkuta msimamizi wake, Thadeus, ameuwasilisha mkutanoni Arusha kama wake. Akaniambia, "Mama, naomba asijue nimekuja, bado hajanisainia ripoti." Nikamwahidi.

Wiki hiyohiyo nikawa nakunywa chai na Thadeus, tunacheka mambo ya zamani, moyo umelainika, nikajikuta namwambia, "Ile kazi ya kahawa, hakikisha umeweka jina la aliyeifanya." Akauliza, "Ndelilio amekuja kwako?" Nikasema, "Sijataja mtu," lakini uso wangu ulishajibu.

Siku ya tatu akamwambia yule binti arudie utafiti wote, yaani mwaka huu hahitimu. Ndelilio alisimama mlangoni kwangu, hakukaa, akasema, "Mama, nilikuambia wewe peke yako." Thadeus anasema tuyaache yapite, tumetoka mbali. Nimebakiza miaka miwili nistaafu. Ninyamaze, au nifanye nini?

Hilda, Moshi

*

Hilda, pole, lakini sitakupaka mafuta. Hayo maneno hayakukuponyoka. Ulitaka Thadeus ajirekebishe kimyakimya ili usilazimike kumwona alivyo, na gharama ukamtwisha binti wa watu.

Aliyebeba begi lako alikuwa mtu mwema, na hakuna anayekunyang'anya siku ile. Mkumbuke, mlilie ukitaka. Ila Ndelilio hakuwepo kwenye mvua ile. Yeye anamjua mwalimu aliyechukua kazi yake, akamwadhibu kwa kusema.

Mtafute binti leo. Mwambie, "Ni mimi niliyesema, na nilikuwa nimekuahidi." Ishia hapo, usimwelezee urafiki wenu. Kisha mweleze anachoweza kufanya: kuomba msimamizi mwingine, kupeleka malalamiko kwa mkuu wa idara akiwa na madaftari yake na picha za shambani. Achague yeye. Akitaka uende naye, nenda. Akitaka ukae mbali, kaa mbali.

Halafu nenda kwa mkuu wa chuo ukakiri kosa lako, kwamba ulivunja siri. Jina la binti na habari zake usiziguse mpaka akuruhusu. Omba mambo yote yanayomhusu Thadeus yasikilizwe na mtu mwingine. Wakikuondoa kwenye ofisi hiyo, ondoka bila kinyongo.

Thadeus mwambie ana kwa ana kwamba hutayaacha yapite. Atakasirika, na huenda ukampoteza. Itakuuma sana, najua.

Na Ndelilio asipokusamehe, usimbembeleze. Huo ni uamuzi wake. Wewe hangaika ahitimu.

Aikande