Idhini ya Saad

Umoja, Nairobi
6 Machi 1984

Mdogo wangu Saad,

Assalamu alaykum. Hujambo huko Maskati, na kazi inakwendaje? Sisi wazima kiasi, ila baba. Alhamisi alitapika damu, sakafu nzima, nikadhani ananifia mikononi. Sasa yumo wodini. Ni vidonda vya tumbo. Daktari anasema vile vidonge vya magoti ulivyomletea, anavyomeza na tumbo tupu, ndivyo vilivyomchimba.

Wamempitisha mpira wenye taa kooni mara mbili ili wakizibe kidonda. Kiko nyuma kabisa ya tumbo, mpira haukifikii, na damu ikimwagika hawaoni kitu. Wanataka kumpasua kabla haijaanza tena. Baba kakataa katakata: "Saad aseme kwanza." Mimi mkubwa wako, ninayemfulia mashuka, sina kauli. Jibu upesi, tafadhali. Nimechoka mno.

Dadako,
Muhiba

Maskati
19 Machi 1984

Dada Muhiba,

Waalaykum salaam. Barua yako imeninyima usingizi. Wasimguse baba kwa kisu! Mzee wa miaka sabini atahimili vipi? Likizo yangu ni Mei, nisubirini, nije nizungumze na hao madaktari mwenyewe. Mwambie hivyo, atakusikia.

Nduguyo,
Saad

Umoja
2 Aprili 1984

Saad,

Salamu nyingi. Barua yako imefika leo. Baba keshapasuliwa, siku tano tu baada ya mimi kukuandikia.

Asubuhi hiyo alitapika tena, midomo ikawa myeupe. Nikamwambia umepiga simu dukani kwa Magan, jirani yetu, ukasema wampasue. Akabonyeza dole gumba kwenye karatasi ya idhini bila kuuliza la pili. Ndiyo, nilidanganya, na ningedanganya tena.

Sasa anakunywa uji na kugombana na manesi. Wodi nzima anaihadithia: "Huyu binti hana subira kabisa. Bora nilimngoja mwanangu." Mimi nimekaa pale pale, kikombe chake mkononi. Iliniuma, Saad, wallahi iliniuma.

Anangoja barua yako. Mwandikie kwamba ulikubali. Sitaki kitu kingine kwako. Na vile vidonge usilete tena.

Dadako,
Muhiba

Maskati
15 Aprili 1984

Dada yangu,

Shikamoo. Barua ya baba iko humu ndani, umsomee. Nimesema nilikubali. Nilipoifunga bahasha, nilienda kukaa nje.

Ungeingoja ile barua yangu, Mei ningekuja kuzuru kaburi.

Mdogo wako,
Saad