Kura ya Ninian

Shamba la Glenorrin,
Victoria,
Australia.

9 Machi 1894

Mpendwa mwanangu Letitia,

Kuna jambo kuhusu marehemu baba yako Ninian nililokuficha tangu ukiwa mtoto, na leo nalitoa kabla sijafa nalo. Lakini kwanza, hujambo? Wanao wazima? Kifua chako kimepona baridi ya Dunedin? Mimi siinuki tena bila kushikwa mkono. Daktari ameacha hata kunidanganya.

Jumamosi nilipelekwa mjini kwa gari la farasi, kwenye karamu ambayo wakulima huifanya kila mwaka kukumbuka sheria iliyowagawia ardhi. Baada ya nyama ya kondoo, seremala mmoja alivaa kofia upande, akapepesuka kutoka meza za kushoto hadi za kulia, kama mbunge anayehama upande wakati wa kura. Ukumbi mzima ukalipuka.

"Siyo huko, Bwana Ninian! Rudi kwa baba!"

"Mwacheni, chupa inaijua njia!"

Kisha wakainua glasi kumtakia heri mlevi aliyekosea upande.

Letitia, hasira ilinipanda. Watu wanaokula ngano ya ardhi ileile! Nikagonga meza kwa fimbo. Mwenyekiti akaniinamia: "Tunatania tu, mzee wetu. Kwani si baba yako mwenyewe aliyetusimulia?"

Ndiye, na ndiyo maana silali. Babu yako aliwaongoza bungeni wenye malisho makubwa, na sisi wanawe wawili tuliketi nyuma yake kuupinga muswada wa sheria ile ya ardhi. Ulipopita kwa kura ya baba yako, babu yako akatangaza kwamba kijana alikuwa chakari. Nyumbani kwetu mlevi alivumilika, msaliti, hapana. Hata hivyo baba yako alifukuzwa, akavuka bahari, nami nikarithi kiti cha babu yako na kufunga mdomo. Uongo gani huu, kumvika mtu aibu kwa tendo lake bora kuliko yote!

Nisalimie mumeo Mungo na shangazi Euphemia. Mungu awafunike kwa rehema zake.

Haya yanayofuata wasomee wanao kwa sauti. Kengele ya kura ilipolia, baba yako aliniinamia sikioni, hana hata harufu ya divai, akasema, "Hector, sogeza miguu nipite. Naenda kuwapigia kura wakulima." Nikaisogeza. Akavuka ukumbi akitembea wima, macho yake yakimtazama baba yetu.

Ni mimi nikupendaye hadi pumzi ya mwisho,
baba yako mdogo,
Hector Kinmont