Pini Mbili Nyeusi Wakati wa Kesi ya Rais

Mtaa wa Kanisani,
Santa Romana,
Pangasinan.
24 Januari 2001

Kwa Shangazi yangu mpendwa, Meding,

Shikamoo. Mkono wako nauweka kwenye paji la uso wangu kama ilivyo desturi yetu, ingawa wewe uko Milano nami niko huku. Natumaini goti limeacha kukusumbua kwa baridi, na kwamba Bi Ersilia unayemtunza anakula vizuri na anakuacha ulale. Sisi ni wazima. Kikohozi cha baba kimepungua, na mama amerudi kwenye kwaya.

Kadi yako ya Krismasi ilifika pamoja na chokoleti. Zilikuwa zimeyeyuka upande mmoja, lakini mdogo wangu Ninfa alizila hivyo hivyo bila neno. Amebakiza mwaka mmoja wa masomo ya uuguzi. Karo yake bado inatoka kwenye mshahara wangu, na ndiyo sababu mambo ya ofisini yananikosesha raha kuliko inavyonipasa.

Uliniuliza watu wa huku wanaipokeaje kesi ya Rais mbele ya Seneti. Nitakueleza nilichokiona mwenyewe, maana ofisi yetu ya usajili wa vizazi na vifo imekuwa kama ukumbi wa sinema tangu mapema Desemba. Meya wetu ni mtu wa Rais, hilo unalijua. Aliteremsha runinga yake kubwa kutoka ofisini kwake, akaiweka mbele ya mabenchi ya wageni. Alisema wananchi wajionee wenyewe jinsi Rais atakavyotoka msafi.

Kila siku saa nane mchana mabenchi yalijaa. Mtu alikuja kuchukua cheti cha kuzaliwa cha mwanawe, akakipata baada ya robo saa, akaondoka jioni. Mwanzoni walinung'unika kwamba tamthilia ya mchana imeondolewa. Baada ya wiki moja hakuna aliyeiulizia. Waliwajua maseneta kama majirani: nani amepaka nywele rangi, nani anasinzia, nani hajabadilisha tai tangu Jumatatu.

Mama Sepa muuza samaki alikaa mbele kabisa na beseni lake likiwa tupu. Alizungumza na runinga kana kwamba inamsikia. "Wewe wakili, mwache shahidi amalize. Kwenu hamkufunzwa adabu?" Mwalimu Crisanto, yule mstaafu, alikuwa upande wa Rais na alikaa benchi la nyuma yake.

"Wanamwonea tu," alikuwa akisema. "Yule ni mtu wa watu."

"Wa watu, ndiyo," Mama Sepa alimjibu bila kugeuka. "Na vya watu kachukua yeye."

Watu walicheka. Sisi makarani hatukucheka. Bi Purita, mkuu wetu, alikuwa ametuonya siku ya kwanza: "Masikio yasikie, lakini nyuso zibaki kwenye mashine." Nilijitahidi. Hata hivyo, siku moja niliandika jina la ukoo la seneta kwenye cheti cha mtoto wa mtu, nikakichana kabla hakijaonekana.

Onyo la Bi Purita lilikuwa na sababu. Karibu kila alasiri Meya alishuka akasimama chini ya ngazi, mikono nyuma. Hakuangalia runinga. Alituangalia sisi. Na sisi vibarua wa miezi sita sita tulikuwa tunasubiri, kwa sababu mikataba yetu iliisha Desemba na mipya ilikuwa mezani kwake haijatiwa sahihi.

Sasa nafika kwenye jambo linalokuhusu, Shangazi, nami naomba ulisome bila kunihukumu haraka.

Tangu bibi afariki Februari iliyopita nimevaa pini mbili nyeusi za msiba kifuani, moja yangu na moja yako. Hukuweza kuja kumzika mama yako, na Bi Ersilia hataki kuona kitu cheusi nyumbani mwake, ndipo ukaniomba nikuvalie mpaka mwaka utimie. Nilikubali kwa moyo wote. Kila asubuhi nilizibandika sambamba juu ya mfuko wa shati, na ofisini zilizoeleka kiasi kwamba hakuna aliyeziona tena.

Jumanne ya wiki iliyopita, kama ulivyosikia, maseneta walipiga kura kwamba ile bahasha ya benki, inayosemekana kuwa na siri za fedha za Rais, isifunguliwe. Kumi na mmoja walikataa, kumi walitaka. Jumatano asubuhi nilienda kazini kama siku zote. Njiani niliona wasichana wa dukani wamefunga utepe mweusi mkononi. Mwalimu mmoja alikuwa nao kwenye blauzi. Nilidhani kuna mtu amefariki mjini, kumbe ni hasira ya ile kura. Naona aibu kuandika hivi, mimi niliyefuatilia kesi yote, lakini ndivyo nilivyofikiri.

Ofisini runinga ilikuwa inarudia picha za jana. Siku hiyo hakuna aliyezungumza nayo. Mama Sepa alikuwa amekaa palepale, na utepe mweusi kwenye aproni. Mwalimu Crisanto aliingia, akasimama kidogo, akamwambia, "Nikatie na mimi."

"Si ulisema wanamwonea?"

"Nilisema. Lakini kama hana kosa, wangeifungua."

Alimkatia kwa kisu cha samaki. Kisha Mama Sepa akaja dirishani kwangu, akatazama kifua changu, na sauti yake unaijua. "Mtoto wa Macaraeg kumbe una moyo. Wenzako wamevaa moja, wewe mbili! Hasira hiyo yote ulikuwa umeificha wapi?"

Nilimwambia ni za msiba wa bibi yangu. "Ndiyo, ndiyo," akasema, akanikonyeza, "wote tuko msibani leo." Waliokuwa nyuma yake wakaanza kunipa mikono kupitia dirishani. Nilizidi kueleza, nao walizidi kucheka kwa upendo. Mtu mmoja aliniambia nisiogope, tuko wengi. Shangazi, nilikuwa naogopa sana.

Bi Purita alikuja akaniinamia. "Zivae kwa ndani ya shati, mwanangu. Bibi yako ataziona hata huko." Nilikuwa naziangalia tu, sijafanya lolote, Meya aliposhuka.

Alipita kwenye mabenchi taratibu akihesabu tepe kwa macho, akafika mezani kwangu. "Na wewe, Rodel?"

"Ni za bibi, Meya. Mwaka utatimia tarehe ishirini na sita Februari. Nimezivaa tangu azikwe, na wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Nilibeba jeneza. Mbona mbili?"

"Ya pili ni ya Shangazi Meding. Hakuweza kuja."

Sidhani kwamba hakuniamini. Nafikiri aliniamini kabisa, na ndilo jambo linaloniumiza. "Basi zitoe mpaka haya yapite," akasema. "Mimi na wewe tunajua ni za nani. Hawa hawajui. Nina karatasi yako juu, sitaki inishinde kuitia sahihi."

Alibaki amesimama. Bi Purita aliangalia mashine yake. Nilitoa yangu kwanza, nikaiweka mezani. Yako ilinichukua muda zaidi. Nikaitoa pia. Ningeweza kusema kwamba sikuwa na la kufanya, lakini Mama Sepa alikuwa amesimama pale na utepe wake na beseni lake, na kibali cha meza yake sokoni hutolewa na Meya huyo huyo. Hakuutoa. Alirudi kukaa, na siku hiyo hakuna mwingine aliyenipa mkono.

Siku nilizokaa bila pini ni tano. Nyumbani nilisema sindano zimekatika. Hilo nalo ni uongo, na mama hajui mpaka leo.

Jumamosi Rais aliondoka madarakani, na watu wa hapa walipiga masufuria barabarani. Jumatatu nilipofika kazini runinga ilikuwa imepandishwa juu. Saa tatu Meya aliingia kwa mlango wa mbele akisalimia kila mtu. Kwenye shati lake jeupe kulikuwa na utepe mweusi, mpana, umepigwa pasi. Alisema amekuwa akiliombolezea taifa kimyakimya kwa muda mrefu. Mama Sepa alimwuliza kama huko kimyakimya hakukuwa na joto, maana Jumatano hakuonekana nao. Meya alicheka kuliko wote.

Alipofika kwangu alinikabidhi karatasi ya mkataba, sahihi yake bado mbichi. Miezi sita, mpaka mwisho wa Juni. Kisha akagusa mfuko wangu wa shati kwa kidole. "Mbona huna kitu hapa, Rodel? Watu watakufikiria vibaya. Zivae zile zako mbili."

Nilimshukuru. Sikuzivaa. Kama ningezivaa wakati ule, zingekuwa zake.

Jana asubuhi, kabla ya kwenda kazini, nilikwenda kaburini kwa bibi nikaibandika tena ile yangu kifuani. Niliona kwamba naweza kujisamehe kwa niaba yangu mwenyewe, na siku tano nitazilipa baada ya mwaka kutimia, wengine watakapokuwa wamekwishavua. Lakini ya kwako niliitoa bila kukuuliza, wala sina ruhusa ya kuirudisha. Sikutaka upate habari hii kwa mtu mwingine. Misa ya kuondoa msiba ipo palepale tarehe 26, na baba ameshaongea na padri.

Baba, mama na Ninfa wanakusalimu sana. Bi Purita naye, ambaye anasema mlisoma darasa moja. Nisalimie Bi Ersilia, na binamu Dindo ukionana naye kanisani. Mungu akukinge na baridi ya huko, akuweke mpaka tukutane.

Pini yako nimeibandika kwenye kona ya ukurasa huu, chini ya jina langu. Shika karatasi kwa uangalifu, isikuchome. Ikikufikia mapema, naomba uivae mwenyewe siku zilizobaki, hata kwa ndani ya nguo ambako Bi Ersilia haoni. Na kama bado unaniamini nikuvalie, irudishe, nami safari hii sitaitoa.

Mimi mtoto wa kaka yako, ninayekupenda na kukuomba radhi,

Rodel