Waya Chini ya Mkeka

Jumapili, 6 Julai
Swichi ya umeme imeanguka tena baada ya alasiri. Nimeinuka, nimeirudisha, nimekaa. Sijamaliza ukurasa, imeanguka tena. Kiyoyozi, friza na mashine ya kufulia, vyote vinavuta laini moja ya jikoni. Nyumba hii ilijengwa watu wa Ibra, huku Omani, walipokuwa bado wanalala juu ya paa wakati wa joto. Haikujengewa mambo haya.
Nimezima kiyoyozi. Friza sizimi.
Humo mna mapishi ya mwisho ya mke wangu Zuwena. Boko-boko la ngano na nyama, pweza wa nazi, tui alilokamua kwa mkono wake. Kila kifuniko kakiandika kwa herufi za Kiarabu, maneno ya Kiswahili, kama tulivyofundishwa chuo cha Kurani Unguja. Wajukuu wanazisoma herufi vizuri kabisa, lakini hawajui neno pweza lina maana gani.
Alifariki kabla ya Ramadhani. Kila siku nafungua friza, natazama, nafunga. Sijala hata kimoja.

Jumanne, 8 Julai
Nimekwenda Mudhaibi kununua ekstensheni ndefu. Sasa friza inapata umeme kwenye tundu la majlis, chumba cha wageni, mbali na laini ya jikoni. Waya umekatiza katikati ya chumba. Aibu. Mgeni haruki waya akija kunywa kahawa. Nimeupitisha chini ya mkeka, ule aliousuka mama yake Zuwena, tuliokuja nao kutoka Unguja. Hauonekani kabisa.
Kiyoyozi kimewaka mchana kutwa. Swichi haikuanguka. Nimefurahi kama mtoto.

Ijumaa, 11 Julai
Binti yangu Nasra kaja kutoka Maskati. Shikamoo baba, marahaba, akavua viatu, akakanyaga mkeka, akasimama.
“Baba, mbona hapa pana moto?”
Akaufunua. Akasema waya ukifunikwa joto lake halina pa kutokea, na waya wenyewe mwembamba, si wa kubebeshwa friza. Akataka kuvihamisha vyakula vyote kwake. Nikakataa. Nikamwambia mama yake angekuwa hai, yeye Nasra asingethubutu kunipangia nyumba yangu.
Nimesema uovu. Kaondoka kabla ya chakula cha mchana.
Ukweli sikumwambia. Vikienda kwake vitaliwa siku ya kawaida, watoto wanatazama simu. Hapa bado ni vya Zuwena.
Nimeurudisha mkeka juu ya waya.

Jumatano, 16 Julai
Naandika nisisahau.
Rafiki yangu Seif alikuja na wenzake wawili kuniangalia. Yeye kakulia Tabora, mdomo wake haujapata kufungwa. Nikachomeka birika la kahawa. Nikachomeka chetezo cha umeme, nikatia udi. Vyote kwenye ekstensheni ile ile, karibu na friza. Ukaja moshi. Hakuna aliyeshtuka. Majlis gani haina moshi wageni wakifika?
Seif akanusa. “Maalim, udi huu kakuuzia nani? Unanuka tairi!”
Wakacheka. Nami nikacheka, nikamwambia watu wa bara hawajui udi. Nikaongeza kipande kingine, Mungu anisamehe.
Kisha mkeka ukashika moto miguuni pa Seif.
Nikakimbilia ndoo. Seif akapiga kelele: “Maji usimwage! Zima mein swichi!” Nikazima. Wakauzima moto kwa mablanketi. Seif kaungua unyayo. Wamempeleka hospitali, naye anatoka mlangoni bado anatania, lakini uso umesawijika.
Angeweza kufa. Wote wangeweza kufa, kwa sababu ya waya niliouonea haya.

Alhamisi, 17 Julai
Fundi kaukata umeme wote. Ndani ya ukuta nyaya zimeyeyuka. Hautarudi mpaka zibadilishwe, na hilo si la wiki hii.
Friza imeanza kutoa machozi sakafuni. Nimeifunika mablanketi, yale yale ya jana, yananuka moshi.
Nimempigia Nasra. Nilitaka kuomba radhi kwa maneno mazuri. Nimeweza kusema tu: “Mama yako anayeyuka.”
Kasema, “Nakuja, baba.”

Ijumaa, 18 Julai
Kafika asubuhi na mapema. Hakusema lolote kuhusu waya. Kavipanga vyombo mezani akisoma vifuniko kimoja kimoja, polepole, na kila neno asilolijua kaniuliza.
Kapasha moto kwa gesi. Baada ya sala tumewaita majirani. Seif kaja kwa fimbo, mguu umefungwa bendeji, kasema kaungua kwa halali, lazima alipwe pweza. Alipoonja kanyamaza. Sikuwahi kumwona Seif akinyamaza.
Wamekula mpaka vyombo vikawa vyeupe. Kibakuli kimoja cha boko-boko Nasra kaniwekea kando.
Nimekila walipoondoka. Chumvi haba. Nilikuwa nikimlalamikia Zuwena kila siku, naye alipunguza kwa ajili ya presha yangu. Hata hivi alivyoniwekea akiba, kapunguza.
Nasra kaosha, mimi nimefuta. Friza tumeiacha mlango wazi, ipate hewa. Plagi iko juu yake, waya umezungushwa, mtu yeyote akiingia anauona.
Nyumba kimya. Joto kali. Tumefungua madirisha.