Kinu Kitupu cha Mama

Mama,

Mwanao Damiani nimebahatika kuliko wote waliovuka Ruvuma! Nina nyumba hapa Märsta, Uswidi, maji ya moto hayakatiki, na ndege za dunia nzima haziruki mpaka nizifagie ndani. Jumapili mimi na wanangu watatu tunajaza benchi zima kanisani bila kumwogopa mtu. Uongo dhambi.

Tangu tukuzike Masasi nakiwaza kinu chako. Wakomunisti wa Chama walisema Msumbiji mpya haina haja ya Mungu, kanisa letu wakaligeuza ghala la korosho. Baba, katekista mbishi, akawa anatusalisha rozari chumbani. Wewe uani unatwanga, puu, puu, sauti ya Baba isisikike nje. Kinuni hamna hata punje! Yule jirani wa Chama akipita anacheka: "Nyumba hii mnakula kama jeshi!" Nawe: "Shemeji, watoto wana midomo." Matumbo yetu yananguruma.

Halafu ukashikwa na malaria. Mchi ukanyamaza, Baba hakunyamaza. Wakamsikia. Wakampeleka kambi yao ya wafungwa, na Baba... basi.

Ndiyo maana kanisa la huku linanishinda, Mama. Kimya! Mtu akikohoa anaomba radhi. Nikifumba macho nausikia ule mchi ulivyonyamaza, sala haitoki.

Kinu nilikibeba baada ya mazishi. Pale uwanja wa ndege wakaniuliza kama ni ngoma. Nikawajibu, ni babu yangu, mpitisheni kwa heshima. Jumamosi nikakiweka jikoni, nikaanza kutwanga, nasali kwa sauti. Neema, kitinda mimba wangu, ambaye kila nikimsemesha ananijibu Kiswidi, akatoka chumbani: "Pappa, mbona hamna kitu ndani?" Leo kwa Kiswahili! Nikamweleza yote, mpaka malaria. Akanipokonya mchi.

Akatwanga, Mama. Vibaya, kama anaua nyoka, lakini akatwanga. Nikasali mpaka Amina. Bibi wa ghorofa ya chini akagonga dari yake kwa ufagio. Nikamwambia Neema mwache, anatusaidia.

Pumzika, mama yangu. Msalimie Baba. Naahidi, katika nyumba hii mtu akisali, mchi hautanyamaza.

Ila lile benchi nilikudanganya. Wanangu hawaji. Nakaa peke yangu, mdomo nimeufumba, mpaka padre anazima taa.